Kuni za Mwili: Hoja Juu ya Kufunga

Katika miji iuzungukayo Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina mpaka Nanyuki na Meru, kuna neno linalosemwa kwa sauti kubwa na kupokewa bila kuulizwa. Neno lenyewe ni hili: kwamba mwili wa mwanadamu hutii moyo katika kila jambo, na kwamba mtu mwenye imani ya kutosha aweza kuacha chakula, na hata maji, kwa muda wowote autakao. Nimelisikia katika mikutano ya sala, nimelisikia katika matatu, na nimelisikia katika mabweni ya chuo ninachowafundisha vijana kazi ya ualimu. Nimeazimia kulipinga.

Msomaji asinidhanie vibaya. Siipingi saumu. Kufunga ni desturi ya kale na ya heshima. Waislamu wa mji wa Nyeri hufunga mwezi wa Ramadhani, na Wakristo wengi wa vilima vyetu hufunga Kwaresima au siku walizojiwekea. Tena sisemi kwamba mtu mzima mwenye afya hufa kwa kukosa mlo mmoja. Maneno hayo ni ya mlafi ajiteteaye. Nipingalo ni fundisho kwamba mwili hauna hesabu, na kwamba aombaye kuacha kufunga ni mwenye imani haba.

Mwaka mmoja, katika baridi ya mwezi wa Julai, mwanafunzi wangu mmoja wa kike alianguka darasani nikiwa ubaoni. Nilidhani ni homa. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na macho yake yalitutazama bila kutuona. Wenzake walinyamaza kimya. Kisha mmoja akasema kwa kunong'ona kwamba hiyo ilikuwa siku ya tatu tangu mwenzao aache kula na kunywa. Kikundi chake cha sala kilikuwa kimeagiza siku saba. Siku ya pili aliomba ruhusa ya kunywa maji, akajibiwa kwamba kiu ile ni sauti ya mjaribu. Tulimpeleka hospitali, akatiwa maji mshipani, akapona.

Jioni ile nilikwenda kuonana na kiongozi wa kikundi. Nilimkuta mtu mpole, mwenye elimu, wala hakuwa na nia mbaya. Akaniambia, "Mwalimu, wewe wamtazama mtu kwa jicho la sayansi tu. Mwili ni mtumishi. Ukiuamuru, hutii." Usiku ule sikuwa na jibu la kumtosha. Insha hii ndiyo jibu langu.

Haya, na tumkague huyo mtumishi, tuone ana nini ghalani.

Sisi tuishio katika baridi ya mlima twazijua habari za kuni. Katika nyumba ya shamba kuna kuni chache kando ya mafiga, tayari kutiwa motoni. Nje, chini ya upenu, kuna rundo kubwa lililopangwa kwa ajili ya miezi ya mvua na ukungu. Tena kuna nguzo zilizoshika paa. Nguzo nazo ni mti, nazo huwaka. Lakini hakuna mwenye akili azihesabuye kuwa kuni. Mwili wetu una akiba za namna tatu zilizo mfano wa hizo.

Akiba ya kwanza, iliyo kando ya mafiga, ni sukari. Katika damu yote ya mtu mzima glukosi haizidi sana gramu 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake, ambao ni kama sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za uzito wa mwili, hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zote za mtu aliyetulia. Hutaka takribani gramu 120 za glukosi kwa siku, yaani kijiko kile kimoja kila saa. Kama tungetegemea sukari iliyomo damuni tu, tungezimia kabla ya kipindi cha pili cha asubuhi. Lakini tulapo chakula, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, nayo huamuru sukari iliyozidi iwekwe akiba. Huwekwa katika umbo la glikojeni: kadiri ya gramu 100 katika ini, na gramu 300 au 400 katika misuli.

Tazama basi mambo yaendavyo kwa mtu aliyekula chakula cha usiku saa mbili. Usiku wa manane chakula chake kimekwisha kusagwa, na sukari ya damu yaanza kupungua. Hapo insulini hushuka, na homoni nyingine ya kongosho, iitwayo glukagoni, hupanda na kuliamuru ini lifungue ghala. Ini hutoa sukari kidogo kidogo mpaka asubuhi, nasi hatujui kwamba tumelishwa tukiwa usingizini. Misuli ni bahili. Glikojeni yake huitumia yenyewe, haiirudishi damuni. Kwa hiyo gramu zile 100 za ini ndizo zishikazo zamu, na baada ya siku moja hivi bila chakula huwa zimekaribia kwisha.

Hii ndiyo sababu saumu ya mchana humfaa mtu mzima mwenye afya. Ikweta hupita Nanyuki, na Nyeri iko karibu nayo. Kwa hiyo katika miji yetu saumu ya Ramadhani, tangu alfajiri mpaka magharibi, haizidi sana saa 13 katika majira yote ya mwaka. Aliyekula daku hufika jioni akiwa na njaa na kiu, lakini rundo lake la kando ya mafiga halijateketea. Kisha hufuturu, na ini hujazwa upya.

Akiba ya pili, lile rundo la chini ya upenu, ni mafuta. Gramu moja ya sukari hutoa kalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Mtu asiye mnene aweza kuwa na kilo 10 za mafuta mwilini, nazo ni kalori 90,000. Kama hutumia kalori 2,000 kwa siku, rundo hilo ni la siku 45. Wapinzani wangu hapa hupiga makofi. Husema, "Umeona? Hata sayansi yakiri siku arobaini!" Nawasihi wasipige makofi mapema. Hesabu hiyo ni kweli, lakini ni hesabu ya mtu aliyehesabu kuni na kusahau ukubwa wa mlango wa jiko.

Ubongo hauwezi kuyachoma mafuta yaletwayo na damu. Chembe nyekundu za damu haziwezi kabisa. Zenyewe hutaka glukosi usiku na mchana. Nayo mafuta hayageuki kuwa glukosi, ila kipande chake kidogo tu. Basi ghala la ini likiwa tupu, na ubongo ukidai kijiko chake kila saa, sukari itatoka wapi? Hutoka katika akiba ya tatu, ambayo si akiba: hutoka katika nguzo. Mwili huanza kuivunja protini ya misuli, na ini huigeuza kuwa sukari. Katika siku za kwanza za kufunga mfululizo, takribani gramu 75 za protini huvunjwa kila siku. Katika nyama ya misuli hiyo ni zaidi ya robo kilo. Mtu aendaye kwa mchinjaji hapa Karatina kununua robo ajua ni nyama ya kadiri gani. Na ajue kwamba mwili huikata katika mapaja na mabega ya mwenyewe, kila kukicha.

Kama mambo yangekwenda hivyo moja kwa moja, hakuna ambaye angemaliza majuma matatu. Lakini Muumba ameuwekea mwili hila ya kuokoa nguzo. Ini hulainisha mafuta, likayafanya kuwa vitu viitwavyo ketoni, ambavyo ubongo huweza kuvichoma. Baada ya siku mbili tatu ketoni huongezeka damuni, na pumzi ya mfungaji hutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Mwaka 1967 madaktari wa Boston, Marekani, miongoni mwao George Cahill, walitangaza waliyoyaona kwa watu wanene waliofunga hospitalini kwa majuma kadhaa: ubongo wao ulikuwa ukipata karibu theluthi mbili za nguvu zake katika ketoni na jamaa zake. Hapo uvunjaji wa protini hupungua, ukafika kama gramu 20 kwa siku. Hupungua, msomaji, haukomi. Nguzo huendelea kukatwa, ila kwa shoka dogo. Na moyo wenyewe ni msuli. Misuli ya kuvutia pumzi nayo ni misuli. Shoka halichagui nguzo.

Mpinzani wangu atasema, "Mbona kuna watu waliofunga miezi mingi wakaishi?" Ni kweli. Katika Scotland, kijana Angus Barbieri alikaa siku 382 bila chakula, mwaka 1965 na 1966. Lakini isomwe habari yote. Alianza akiwa na uzito wa kilo 207, yaani rundo lake lilikuwa la nyumba tatu. Alikunywa maji. Madaktari wa Dundee walimpa vitamini na chumvi za mwili, wakaipima damu yake mara kwa mara. Amletaye huyo kuwa shahidi, na alete pia kilo zile 207 na madaktari wale.

Shahidi aliye karibu zaidi na mwili wetu wa kawaida ni wafungwa wa Ireland ya Kaskazini waliogoma kula mwaka 1981. Walikunywa maji na kula chumvi. Kumi kati yao walikufa. Aliyewahi alikufa baada ya siku 46, aliyechelewa baada ya siku 73. Walikuwa na moyo wa chuma, wala hakuna awezaye kuwaambia kwamba azma yao ilikuwa haba. Azma haikuongeza gramu moja ya mafuta mwilini mwao.

Na hayo yote ni ya mtu anywaye maji. Mtu asiyekunywa hupoteza maji katika pumzi, katika jasho na katika mkojo, hata akilala kitandani mchana kutwa. Mafuta yakichomwa hutoa maji kidogo, lakini hayatoshi kulipa deni. Na figo zahitaji maji ili kutoa takataka za ile protini iliyovunjwa. Hesabu ya mtu asiyekunywa ni ya siku chache tu. Mwanafunzi wangu alianguka siku ya tatu. Mafuta yake yalikuwa hayajapungua kwa kiasi cha kuonekana. Waliomwamuru asubiri siku saba hawakumpima imani. Walimpima maji, wakampunja.

Tena kuna watu ambao hesabu yao ni fupi tangu mwanzo. Mtoto ana ini dogo na ubongo mkubwa kwa kadiri ya mwili wake. Sukari yake huisha mapema, naye hulegea na kuzimia wakati mtu mzima bado anaimba. Mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye wana jiko moja linalopikia watu wawili. Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari aweza, akifunga bila shauri la daktari, kushukiwa na sukari hata akapoteza fahamu. Na yule ambaye mwili wake hauna insulini kabisa, akiacha dawa, ketoni hujaa damuni na kuigeuza kuwa sumu. Kwa watu hawa neno "vumilia" si shauri. Ni hukumu.

Dini zenyewe zimelijua jambo hili kabla ya maabara zetu. Sheria ya Kiislamu humruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine, na haimlazimishi mtoto. Injili isimuliayo siku arobaini za jangwani haifichi kwamba mwisho wake palikuwa na njaa. Wazee wa dini hawakuogopa kuihesabu njaa. Waiogopao ni waalimu wa jana, watafutao wafuasi kwa kupandisha bei ya wokovu.

Wapo watakaosema kwamba nakuza jambo dogo, kwa sababu binti mmoja alizirai na akapona. Laiti lingekuwa dogo. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya watu waliokuwa wafuasi wa mahubiri ya kufunga mpaka kufa. Maiti zilizotolewa zilizidi 400, na watoto walikuwamo. Madaktari wa serikali walikuta katika wengi dalili za njaa, na katika baadhi yao dalili za kuzibwa pumzi. Mhubiri mmoja na wenzake walishtakiwa, nao wakakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama, wala si yangu. Lakini nchi nzima ilijifunza pale kwamba neno lisemwalo kwa upole katika chumba cha sala laweza kuishia katika shimo la msitu. Tofauti ya msitu ule na bweni la chuo changu ni idadi ya siku.

Basi ni nini kitenganishacho saumu ya heshima na saumu ya maangamizi? Nitajibu kwa mfano wa mtu wa kwetu. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Kabla ya kujulikana ulimwenguni kwa upandaji wa miti, na kabla ya Nishani ya Nobel ya mwaka 2004, alikuwa mwalimu wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliujua mwili, nje na ndani. Mwisho wa mwezi wa Februari mwaka 1992 aliketi pamoja na kina mama wa wafungwa wa siasa katika uwanja wa Uhuru Park, Nairobi, wakagoma kula ili wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi askari waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, na yeye akapelekwa hospitali. Kina mama hawakukata tamaa. Walihamia katika kanisa la All Saints, wakaendelea na madai yao, na mwaka uliofuata wengi wa wafungwa wale wakaachiliwa.

Angalia tofauti. Kina mama wale walifunga hadharani, mbele ya macho ya watu. Walifunga wao wenyewe, watu wazima, hawakuwafungisha watoto. Walijua wanalolitaka, nalo lilikuwa uhai wa wengine. Na hapakuwa na mtu aliyesimama mlangoni kumzuia achokaye asinywe maji. Hayo ndiyo mizani yangu. Aambiwaye kufunga, na aulize: naweza kuacha? Akijibiwa kwamba hawezi, hiyo si saumu tena. Huo ni utekaji, ijapokuwa kamba yake haionekani.

Neno moja la manufaa, kwa kuwa nyinyi msomao mtakuwa siku moja wazazi na waalimu. Mkimpata mtu aliyekaa siku nyingi bila chakula, msimpakulie sahani ya githeri kwa huruma. Mwili uliozoea kuchoma mafuta, ukijazwa wanga ghafula, insulini hupanda kwa kishindo, na fosfati na potasiamu za damu hukimbilia ndani ya chembe; moyo waweza kusimama. Mpelekeni hospitali, alishwe kidogo kidogo chini ya macho ya wajuao. Huruma nayo yahitaji hesabu.

Nimewashutumu wengine, sasa nijishutumu. Binti yule aliyeanguka alikuwa amefaulu vizuri somo la elimu ya viumbe. Aliweza kulichora ini na kuandika majina ya sehemu zake bila kukosea. Aliijua glikojeni kwa tahajia yake. Lakini hapakuwa na mmoja wetu aliyewahi kumwambia kwamba ini lile la daftarini ni lake, na kwamba lina chakula cha siku moja tu. Tulimfundisha mwili wa kitabu, tukauacha mwili wake mikononi mwa kila mwenye sauti kubwa. Kosa hilo si la kikundi cha sala. Ni la waalimu, na mimi ni mmoja wao.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwili ni mali ya kwanza ambayo kila mtu hupewa, tajiri na maskini. Atakaye kufunga na afunge, na saumu yake iheshimiwe. Ila na afunge akijua ana kuni ngapi kando ya mafiga, ngapi chini ya upenu, na wakati gani shoka huanza kugusa nguzo. Na yule amwambiaye mwenzake kwamba nguzo haziwaki, aulizwe swali moja kabla ya kufuatwa: nyumba ikianguka, yeye atakuwa amelala wapi?